Je, wajua kwa nini vipando vya Nane Nane Arusha huwa kijani mwezi Agosti?

Wiki ya kwanza ya Agosti, mahindi mengi yaliyopandwa Machi kwa mvua za masika kati ya Arusha na Moshi yameshaanza kukauka yakingoja kuvunwa. Lakini ukiingia viwanja vya maonesho ya wakulima vya Themi, Njiro, unakuta mahindi yenye nywele mbichi, kabichi zilizofunga, alizeti zilizochanua na mchicha laini, vyote kwa wakati mmoja.

Wengi husema mimea hiyo huletwa ikiwa mikubwa na kupandikizwa usiku wa kuamkia maonesho, au imepigwa busta. Kwa mahindi hilo haliwezekani. Mmea unaokaribia kutoa mbelewele una mizizi iliyoshuka kama mita moja na kutambaa pande zote. Ukiung'oa, unakata ile mizizi myembamba inayonyonya maji, huku majani mapana yakiendelea kuyapoteza. Hata ukimwagilia, majani hujikunja na mmea haurudi katika hali yake kabla maonesho hayajaisha. Kabichi iliyokwisha kufunga nayo ikihamishwa hulegea majani ya nje. Busta nyingi ni mbolea za majani: humsaidia aliyepungukiwa na kirutubisho fulani kwenye udongo wake, ila hazigeuzi zao la miezi mitatu kuwa la mwezi mmoja. Ni kweli kwamba maboga na ndizi za mezani hutoka mashambani kwingine, na miche ya matunda huja kwenye viriba. Malisho ya hydroponiki, ambayo hukua bila udongo kwenye trei kwa siku 7 au 8 tu, hubebeka pia. Mahindi yaliyosimama kwenye kipando, hayo yalikulia palepale kwa maji ya kumwagilia, na aliyeyapanda alihesabu siku kurudi nyuma kuanzia tarehe 8 Agosti.

Sikukuu ya wakulima zamani ilikuwa Saba Saba, siku ya kuzaliwa TANU mwaka 1954. Nane Nane ilichukua nafasi hiyo miaka ya 1990, na Saba Saba ikabaki na maonesho ya biashara Dar es Salaam. Themi ni uwanja wa Kanda ya Kaskazini, yaani Arusha, Kilimanjaro na Manyara.

Ugumu wa hesabu hiyo ya siku ni kwamba maneno "siku 90" kwenye mfuko wa mbegu si ahadi ya kalenda. Hiace ya Moshi haiondoki stendi kwa sababu saa imefika, inaondoka ikijaa. Abiria wa mmea ni joto. Hindi halikui kwa kiasi cha maana joto likiwa chini ya nyuzi 10, kwa hiyo kinachohesabiwa ni joto lililozidi hapo. Tuseme Julai wastani wa siku ni nyuzi 18 Arusha mjini na 22 Moshi mjini. Arusha wanapanda abiria 8 kwa siku, Moshi 12. Abiria 96 Moshi watajaa kwa siku 8, Arusha kwa siku 12. Mbegu ni ileile na mbolea ni ileile, ila gari moja limechelewa kuondoka. Joto si sababu pekee, maana mawingu mazito ya Juni nayo hupunguza mwanga, lakini ndilo linaloharibu mahesabu ya wengi.

Basi mtu anayetaka mahindi ya kuchoma tarehe 5 Agosti anahitaji nywele zitoke mapema Julai, kwa kuwa kwenye baridi hiyo punje huchukua kama wiki nne kujaa. Mbegu ya muda wa kati anaifukia mwishoni mwa Aprili: sentimita 75 kati ya mistari, 30 kati ya mashina, mmea mmoja kila shimo. Kabichi husiwa kitaluni mwishoni mwa Machi na kuhamishwa mapema Mei. Vitunguu lazima vianze Februari. Mchicha unasubiri hadi mapema Julai.

Hata hivyo hakuna anayejua baridi ya mwaka itakavyokuwa, na hapo ndipo wapandaji wazuri wanapojitofautisha: wanagawa kipando mara tatu na kupanda kwa kupishana siku 10 hivi. Ukiona mistari ya mahindi iliyoshuka kama ngazi, usidhani mbegu ni dhaifu. Kabichi iliyowahi sana ikiendelea kumwagiliwa hupasuka kichwa. Nyanya hupata shida kubwa zaidi, kwani ubaridi na umande wa Julai ndiyo hali inayopendwa na bakajani chelewa, ugonjwa unaoweza kumaliza kipando ndani ya wiki moja. Dawa ya kinga hupigwa kabla ya madoa kuonekana, na maji huwekwa kwenye shina asubuhi, si juu ya majani jioni.

Kwenye kibao cha kipando, soma jina la mbegu kisha uulize tarehe ya kupanda. Ukishapata siku halisi ilizotumia pale Themi, zirekebishe kwa shamba lako. Joto hupungua karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Anayelima miteremko ya Meru mita 300 juu ya mjini hupoteza karibu nyuzi 2, yaani abiria 8 wanakuwa 6, na kipande cha msimu kilichochukua siku 30 mjini kwake kitachukua kama 40.