Kurekebisha ukurasa si kudukua tovuti

Mwezi huu nimelisikia neno "kudukua" likitumiwa visivyo mara ya tatu, hapa hapa kwenye steshenari yangu Ngamiani, Tanga. Binti anayenisaidia kazi alikuwa amemfungulia mzee mmoja fomu ya maombi kwenye kompyuta. Maandishi ya fomu hiyo ni madogo, yana rangi ya kijivu iliyofifia, na chini yake kuna tangazo linaloziba kitufe cha kutuma. Binti akabofya mara moja. Herufi zikakua na kuwa nyeusi, tangazo likatoweka. Mzee akashtuka: "Mwanangu, umeidukua tovuti ya watu!"

Alichokitumia binti ni kiendelezi na skripti ya mtumiaji. Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari, kama vile Chrome au Firefox, ili kukiongezea uwezo ambao hakikuja nao. Skripti ya mtumiaji ni faili la maandishi, kwa kawaida katika lugha ya JavaScript, ambalo kiendelezi maalumu kama Tampermonkey huliendesha kila unapofunguliwa ukurasa uliotajwa ndani yake. Ya binti ina mistari kumi na miwili: ya juu inataja anwani ya fomu, ya chini inaagiza ukubwa na rangi ya herufi, na kwamba tangazo lifichwe. Kwa maana, hayo yanatosha. Linalonisumbua ni neno kudukua.

Dukizi, tangu kabla ya kompyuta, ni mtu anayetega sikio dirishani ili asikie siri za wenzake, na kudukua kuna asili hiyo hiyo ya kujipenyeza palipofungwa. Ndiyo maana neno hilo linamfaa sana anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta usio wake bila ruhusa, kitendo ambacho Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakitaja kuwa kosa. Kiendelezi kina ukoo mwingine kabisa: enda, endelea, endeleza, kiendelezi, na kinachoendelezwa ni kivinjari, chombo kilichomo mikononi mwa msomaji, wala si tovuti. Hata Greasemonkey, kiendelezi alichokitoa Aaron Boodman mwaka 2004 na kilichowazoesha watu wengi skripti hizi, hakikupewa jina la nyani kwa mzaha wa wizi kama wengine wanavyodhani. Kwa Kiingereza cha mitaani jina hilo ni la fundi wa gereji, yule ambaye mikono yake haiishi grisi.

Tofauti yenyewe iko katika jinsi ukurasa unavyofika. Unapoandika anwani, seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hukutumia nakala ya maandishi, maelekezo ya mtindo na msimbo, kisha kivinjari chako huvijenga kuwa ukurasa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta yako. Skripti hugusa kile kilichojengwa hapo, na ukiizima na kuupakia upya ukurasa, kila kitu hurudi kama kilivyotumwa. Doti ya kanga hutoka dukani vipande vyake viwili vikiwa bado vimeungana. Mama aliyeinunua huikata katikati na kuipinda, wala hakuna anayesema kwamba ameingia kiwandani. Wala haki hii ya msomaji si ya kujipachika: kanuni za kwanza za CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, zilizotolewa Desemba 1996, ziliruhusu waziwazi msomaji awe na mtindo wake kando ya ule wa mwenye ukurasa.

Kwa kuwa nakala ni yako, unaweza pia kuiandika uongo, na hapo ndipo ningependa watu washtuke. Mtu anaweza kubadilisha tarakimu za malipo kwenye kivinjari chake, akapiga picha ya skrini, akamtumia muuza duka kama ushahidi kwamba amelipa, ilhali kumbukumbu za benki hazijaguswa hata kidogo. Huo ni ulaghai, na anayeupokea anapaswa kuangalia akaunti yake mwenyewe badala ya picha. Hatari nyingine iko kwenye kiendelezi chenyewe, kwa sababu vingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote unazotembelea. Mwaka 2018 Stylish, kiendelezi maarufu cha kubadilisha mwonekano wa kurasa, kiliondolewa kwenye maduka ya Chrome na Firefox baada ya kubainika kwamba kilikuwa kikikusanya historia ya kurasa ambazo watumiaji wake walizifungua. Ni afadhali kusoma mistari kumi na miwili ya skripti kabla ya kuiweka kuliko kubonyeza "kubali" kwa kitu usichokijua.

Mzee wetu nilimwomba aifungue fomu ile ile kwenye simu yake. Akaisogeza simu mbali na macho, akaikaribisha, na herufi zilikuwa zile zile ndogo za kijivu, na tangazo lilikuwa limekaa juu ya kitufe. Nikamwambia, "Mzee wangu, tovuti haijaguswa. Binti amekurekebishia nakala iliyopo kwenye kompyuta hii, basi sema amerekebisha, usiseme amedukua."