Begi la kazini: yanayosemwa na ukweli wake

Begi la mtu anayepanda basi la mwendokasi jijini Dar es Salaam, kutoka Kimara hadi Kivukoni, hupambana na msongamano, jasho na mvua kabla halijafika ofisini. Lakini dukani wengi hulichagua kwa kuwazia litakavyoonekana ofisini tu. Hapo ndipo maneno ya wauzaji na ya marafiki hupata nguvu, na mengine si ya kweli.

“Hii ni ngozi, haiharibiki”

Hii ndiyo dhana ninayoiona ikiwatia watu hasara kuliko zote. Mabegi mengi yanayouzwa kama ngozi ni kitambaa kilichopakwa tabaka la plastiki iitwayo poliyurethani. Unyevu wa hewani huivunja plastiki hiyo polepole, na joto huharakisha kazi. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, joto na unyevu vipo karibu mwaka mzima. Ndiyo maana begi ulilolitunza kabatini kwa heshima zote unalikuta limebambuka, linaacha magamba meusi kwenye shati. Hukulitumia vibaya, limezeeka likiwa limekaa.

Ngozi halisi hudumu zaidi, ila pwani huota ukungu ikifungiwa mahali pasipopita hewa, na inataka kufutwa na kupakwa mafuta yake. Ukitaka kuitambua, tazama ukingo uliokatwa. Ya kweli ina nyuzinyuzi zilizoshikamana. Ya bandia huonyesha kitambaa chini ya ganda jembamba. Kama huna muda wa matunzo, chukua nailoni au poliesta nzito bila kuona haya. Lebo ikisema 600D, maana yake mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 600. Namba ikipanda, uzi ni mnene zaidi.

“Begi la mgongoni ni la wanafunzi”

Mgongo haujui cheo cha mtu. Hesabu mwenyewe: kompyuta mpakato ya kilo mbili, maji lita moja ambayo ni kilo nzima, chaja, na kontena la chakula cha mchana. Unakaribia kilo nne, na begi lenyewe hujalipima. Mzigo huo ukiuning'iniza bega moja kila siku, mwili hujipinda kuusawazisha, na shingo huanza kulalamika. Mikanda miwili mipana huugawa. Kompyuta ikae upande unaogusa mgongo, kwa sababu kitu kizito kikikaa mbali kinakuvuta nyuma. Ndani ya basi lililojaa livae kifuani: hutamgonga aliyesimama nyuma yako, na zipu zitakuwa mbele ya macho yako. Kama unabeba daftari, simu na pochi tu, mkoba wa begani unatosha kabisa.

“Chukua kubwa, nafasi haikosi kazi”

Kweli haikosi, na hilo ndilo tatizo: risiti za mwaka jana, chupa tupu na miavuli miwili vitahamia humo. Anza na vitu unavyobeba kila siku, vipange mezani, kisha ndipo uende dukani. Kama una kompyuta, ipime kwa rula. Inchi 15.6 ni kipimo cha kioo kutoka kona hadi kona, si upana wa kompyuta yenyewe, na ndiyo sababu begi “la inchi 15” huweza kugoma kufunga.

“Haliingizi maji”

Kitambaa huenda hakiingizi. Mvua ya masika hupita kwenye zipu na kwenye matundu ya sindano katika mishono. Begi lenye kifuniko kinachoifunika zipu ni afadhali, na nyaraka ziwe kwenye faili la plastiki hata hivyo.

“Zipu ikiachia, begi limekwisha”

Mara nyingi meno ni mazima; kilicholika ni kichwa cha zipu. Fundi viatu hukibana kwa koleo au hukibadilisha kwa pesa kidogo, ukakaa na begi lako.

“Mifuko mingi ndiyo mpangilio”

Mifuko kumi isiyo na kazi maalumu ni sehemu kumi za kutafutia funguo wakati umesimama mlangoni gizani. Mitatu au minne inatosha, mradi kila kitu kirudi pale pale kila siku: funguo mfuko mmoja, kitambulisho na kadi ya benki mfuko wa ndani wenye zipu, chaja na nyaya kwenye kifuko chake, chakula na maji mbali na kompyuta. Kabla ya kulipa, tazama pia rangi ya bitana. Ikiwa nyeusi, waya mweusi hutauona. Ya kijivu au ya rangi ya mchanga hukuonyesha kila kitu mara unapofungua.