Mzee anayesafishwa damu nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wagonjwa wengi wa figo nchini husafishwa damu kwa mashine hospitalini. Wanaojisafisha nyumbani kupitia tumbo ni wachache, kwa hiyo huku kwetu nyanda za juu jirani wa kukuelekeza humpati. Unapata maneno tu. Kazi yenyewe ni kuingiza maji maalumu tumboni kwa mpira, kwa kawaida lita 2 hivi, yakae saa kadhaa yakivuta uchafu, kisha yatolewe na kuwekwa mengine. Anayebadilisha kwa mkono hufanya hivyo mara 4 hivi kwa siku, kila mara kama nusu saa. Na kila kiungio cha mpira kinapofunguliwa, njia ya kuingia tumboni iko wazi.

"Hana homa, basi hana maambukizi." Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali tumboni na joto lake lisipande. Julai hapa Uyole, au kule Makete, akijikunyata chini ya blanketi wote tunasema ni baridi. Akikataa ugali tunasema uzee. Akichanganya majina ya wajukuu, uzee tena! Usikitegemee kipimajoto peke yake. Yaangalie maji yaliyotoka. Weka mfuko juu ya gazeti. Kama maandishi hayasomeki, maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele, hiyo ni safari ya hospitali leo hii. Tumbo likiuma, nenda pia, hata kama maji yanaonekana safi.

"Nimevaa glavu, inatosha." Glavu iliyoguswa na mkono mchafu nayo ni chafu. Vijidudu vingi vinavyoleta shida hii vinaishi kwenye ngozi yetu wenyewe, hata ya mtu aliyeoga asubuhi. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka; kibuyu chirizi kinafaa kuliko beseni ambalo kila mtu anachovya. Kausha kwa kitambaa safi, si kwa khanga uliyojifunga. Vaa barakoa, mvishe na mzee, na ncha ya mpira isiguswe na chochote. Ikiguswa au ikidondoka, funga koki ya mpira, usiendelee, piga simu kwa waliokufundisha.

"Maji ni ya baridi, tuyatie kwenye sufuria ya maji moto." Naelewa huruma iliyopo, kwa sababu asubuhi za Mbeya zinauma. Lakini maji ya sufuria hubaki kwenye midomo ya mfuko, na yana vijidudu. Mfuko upashwe kwa joto kavu, ukiwa bado ndani ya nailoni yake ya nje, kwa njia uliyofundishwa kliniki. Na kwa kuwa madirisha hufungwa wakati wa kubadilisha ili vumbi na upepo visiingie, msiingize jiko la mkaa chumbani. Gesi yake haina harufu na inaua. Mvalisheni sweta na soksi.

Kidonda kidogo pale mpira unapotokea hakitaki asali, majivu wala mafuta ya kupikia. Kinataka kusafishwa, kukaushwa na kupakwa dawa iliyoandikwa na daktari, na mpira ushikizwe usivutwe. Kuoga mtoni au kukaa ndani ya beseni, hapana.

Choo kigumu nacho si jambo la aibu la kunyamazia: vijidudu vya utumbo huweza kupenya hadi kwenye maji yale. Mwambie daktari mapema.

Wapo wanaosema mzee wa miaka 75 hawezi njia hii. Umri peke yake haumzuii. Kinachoweza kumzuia kujibadilishia mwenyewe ni macho yaliyofifia au vidole vinavyotetemeka, na hapo mtu mmoja wa nyumbani afundishwe, afanye yeye kila siku. Wageni wanaokuja na salamu zao za "kamwene" wakati wa kubadilisha wakaribishwe chai sebuleni kwanza. Nusu saa si nyingi.

Maji yakichafuka, usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili. Dawa ya kubahatisha inaweza kuficha kijidudu kisionekane maabara, na dawa yenyewe mara nyingi huwekwa ndani ya maji ya tumbo. Mfuko usiumwage. Ufunge, uutie kwenye ndoo safi yenye mfuniko, upande nao gari.