"SPF tunayo, fundi": dhana potofu zinazotupeleka kwenye spamu

Kila mteja anayenipigia kulalamika kwamba barua pepe zake zinaangukia spamu, sentensi yake ya pili huwa ileile: "Lakini SPF tunayo, fundi. Tumeipima, imetoa tiki ya kijani." (SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeini yako.) Mawakala wa mizigo hapa bandarini Kigoma wanaisema. Wenye loji wanaopokea wageni wa Gombe na Mahale wanaisema. Watu wa mashirika yenye ofisi Kasulu na Kibondo wanaisema na kuniambatanishia picha ya skrini. Nimechoka kuijibu kwenye simu, kwa hiyo naijibu hapa, na nyingine ninazozisikia nazipitia humohumo.

"SPF ikiwa sawa, kazi imekwisha"

SPF inajibu swali moja dogo tu: je, seva iliyokabidhi barua hii imeruhusiwa na domeini iliyoandikwa kwenye bahasha? Bahasha, yaani anwani ya kurudishia ambayo seva zinapeana na msomaji haioni, si kichwa cha barua. Ile anwani ambayo mteja wako anaiona juu ya ujumbe, SPF haiisomi kabisa. Ni kama kifurushi unachokituma Tabora kwa basi: karani anaandika kwenye stakabadhi jina la aliyekileta dirishani, na barua iliyomo ndani inaweza kuwa na nembo ya mtu mwingine kabisa. SPF inakagua stakabadhi. Ndani haifungui.

Hapo ndipo tiki ya kijani inapowadanganya watu. Chukua loji inayotuma uthibitisho wa chumba kupitia mfumo wa nje wa kupokea oda. Mgeni anaona anwani yenye domeini ya loji. Kwenye bahasha, mfumo umeweka domeini yake wenyewe, ili barua zinazogonga mwamba zirudi kwake. Gmail inapima SPF na kukuta iko sawa, lakini ni sawa kwa domeini ya mfumo. Domeini ya loji hakuna aliyeithibitisha. Kisha inakuja DMARC, rekodi inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyothibitishwa. Ndiyo inayotazama anwani inayoonekana, na inauliza: kati ya SPF na DKIM (saini ya kidijitali ya barua), ipo hata moja iliyopita kwa domeini inayolingana na hii? Hakuna. SPF imepita, DMARC imeanguka, na mwenye loji ananitumia picha ya tiki.

Kuna kisa kingine ninachokikuta karibu kila tovuti ninayoifungua: fomu ya mawasiliano. Aliyejenga tovuti ameipanga ili barua ionekane imetoka kwa mgeni mwenyewe, kwa sababu bosi anataka akibonyeza kujibu, jibu limfikie mgeni. Nia njema. Lakini mgeni akijaza anwani yake ya yahoo.com, seva ya tovuti inatuma barua ikidai kwamba inatoka Yahoo, na Yahoo tangu Aprili 2014 wametangaza kupitia DMARC kwamba barua ya namna hiyo ikataliwe. Basi inakataliwa. Haiingii hata kwenye spamu, na loji inakaa ikisema msimu wa mwaka huu ni mbaya. Dawa yake ni ya dakika chache: kwenye sehemu ya mtumaji weka anwani ya domeini yako, na anwani ya mgeni iweke kwenye sehemu ya kujibiwa. Nimeshawahi kupewa bei ya tovuti mpya nzima kwa tatizo hili hili, aliyetoa bei akiwa haelewi kilichoharibika.

Halafu kuna kusambaza barua. Huku kwetu ni desturi: ofisi inanunua domeini ya co.tz, inafungua info@, kisha barua zote zinaelekezwa Gmail ya mkurugenzi kwa kuwa yeye anasomea kwenye simu. Barua ikishapita kwa msambazaji, Gmail inaona seva ya msambazaji, ambayo haimo kwenye SPF ya mtumaji wa kwanza. SPF inavunjika. Wapo wasambazaji wanaobadilisha jina kwenye bahasha na kuweka lao, hapo SPF inapita, lakini kwa domeini ya msambazaji, kwa hiyo kwa DMARC haina msaada. Vyovyote iwavyo, mtumaji hana kosa na barua yake imepoteza ushahidi njiani.

Kinachosalimika ni DKIM. Saini ya DKIM inasafiri ndani ya barua yenyewe, na mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo wa umma uliouweka kwenye DNS yako, yaani daftari la umma la rekodi za domeini. Haijali barua imepitia seva ngapi, mradi maandishi na vichwa vilivyotiwa saini havijaguswa. Ikiguswa, basi tena: zile programu za kukinga virusi zinazobandika tangazo lao chini ya kila barua inayopita zinaiua saini. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kimoja cha kushughulikia kwanza kwenye ofisi ambayo haina chochote, ninaanza na DKIM. Najua mafundi wenzangu wengi wanaanza na SPF kwa sababu ni mstari mmoja mfupi. DKIM ni ndefu na inaudhi, ndiyo maana inarukwa.

Inaudhi kweli. Ufunguo wa biti 2048 unazidi herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja cha rekodi ya TXT (rekodi ya maandishi ya DNS), kwa hiyo lazima ukatwe vipande ndani ya rekodi ileile. Paneli nyingine zinaukata zenyewe, nyingine zinaumeza nusu bila kukwambia. Na tafadhali, ufunguo msitumiane kwa WhatsApp. Unafika umevunjwa mistari, mara umepata nafasi katikati, mara alama za kunukuu zimepinda. Nakili moja kwa moja kutoka kwenye paneli ya anayetuma barua hadi kwenye DNS.

Ukitaka kujua ukweli wa barua zako, achana na tovuti za kupima rekodi. Zinapima kama rekodi ipo, hazipimi kama barua yako inaitumia. Tuma barua halisi, kutoka kila mahali unapotumia jina lako: programu ya barua ya ofisini, fomu ya tovuti, mfumo wa ankara, mfumo wa matangazo. Zielekeze kwenye akaunti ya Gmail. Zifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, uchague kutazama ujumbe wa asili. Juu kabisa kuna majibu matatu: SPF, DKIM, DMARC. Unalotakiwa kulitazama kwanza ni la tatu. Likiwa limefeli, soma domeini iliyotajwa kwenye mstari wa DKIM, na ile iliyo kwenye smtp.mailfrom katika maandishi ya chini, na mara nyingi utakuta jina ambalo si lako.

"Basi tuweke rekodi ya pili ya SPF kwa ajili ya mfumo mpya"

Hapana. Domeini moja, rekodi moja ya SPF. Zikiwa mbili, kanuni inasema jibu ni kosa la kudumu, maana yake umeziua zote mbili, ile iliyokuwa inafanya kazi na hiyo mpya. Unganisha. Na ukiunganisha, hesabu: mpokeaji anaruhusiwa kuuliza DNS mara 10 tu anapoifuatilia rekodi yako, na kila "include" (agizo la kuongeza orodha ya mtumaji mwingine) inahesabiwa pamoja na zilizomo ndani yake. Ofisi moja ilikuwa na mifumo ya matangazo ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliisajili. Futa. Usiyemtumia hana sababu ya kuwa na ruhusa ya kutuma kwa jina lako.

"DMARC tumeweka, p=none"

Hiyo ni ya pili kwa kunichosha. Google na Yahoo walipotangaza masharti mapya Oktoba 2023, yakaanza kutumika Februari 2024, watu wakakimbilia kuweka DMARC ya p=none kwa kuwa ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika. Sawa, kwa masharti inatosha. Kwa ulinzi haifanyi kitu: p=none inamwambia mpokeaji, "ukikuta barua ya uongo yenye jina langu, fanya kama kawaida, mimi niletee ripoti tu."

Kwa mji wa bandari hili si jambo la nadharia. Mizigo inakwenda Bujumbura, Kalemie, Uvira, na mazungumzo ya malipo yanafanyika kwa barua pepe kati ya watu ambao hawajawahi kuonana. Tapeli akituma ankara yenye domeini yako halisi na namba yake ya akaunti, p=none inamwacha apite. Kinachomzuia ni p=quarantine (iweke spamu), na bora zaidi p=reject (ikatae).

Lakini usiruke moja kwa moja hadi reject siku ya kwanza, utajikataa mwenyewe. Kaa na none wiki kadhaa, soma ripoti, uone ni nani wote wanaotuma kwa jina lako, watie DKIM mmoja mmoja, kisha upandishe. Ripoti zenyewe ni mafaili ya XML yaliyobanwa, huja kila siku. Ziundie kisanduku chake. Msiweke anwani ya bosi, maana ataniuliza mimi Google wanamtumia virusi gani kila asubuhi.

Na muelewe mpaka wake. DMARC hailindi dhidi ya domeini inayofanana na yako, yenye herufi moja zaidi au .com badala ya .co.tz. Wala hailindi nywila iliyoibwa: mwizi akiingia kwenye akaunti yako, barua zake zitasainiwa vizuri kabisa.

"Tukishathibitisha domeini, hatuingii spamu tena"

Uthibitisho unasema wewe ni nani. Haujasema wewe ni mwema. Wanaotuma takataka nao wana SPF, DKIM na DMARC, wengine wamezipanga vizuri kuliko mabenki. Tofauti ni kwamba sasa sifa yako inaandikwa kwa jina lako. Google wanataka malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 kati ya 1,000 wakibonyeza kile kitufe umeshafika pabaya, na wanashauri ukae chini ya 0.1. Kama orodha yako umeinunua, au umeokota anwani za washiriki wa semina ya miaka iliyopita, rekodi za DNS hazitakuokoa. Hili watu hawapendi kulisikia, hasa baada ya kunilipa.

"Sisi ni wadogo, hayo ni ya wanaotuma barua 5,000"

Barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail ndipo yanapoanza masharti makali: SPF na DKIM kwa pamoja, DMARC, na kwenye matangazo kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Chini ya hapo bado unatakiwa uwe na SPF au DKIM, hata kama unatuma ankara mbili kwa wiki. Microsoft nao tangu Mei 2025 wamefuata mkondo huohuo kwa wanaotuma nyingi kwenda Outlook na Hotmail. Tena mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hana historia ya kumtetea.

"Tovuti yetu ina kufuli, iko salama"

Kufuli la kivinjari linahusu tovuti. Barua pepe haina habari nalo. Tuendelee.

"Mtandao wa huku ndio mbovu"

Mtandao mbovu unachelewesha barua kutoka kwenye simu yako, basi. Ikishafika kwenye seva yako, ambayo mara nyingi hata haiko Tanzania, minara ya Kigoma haihusiki tena. Aliyetuma akiwa Ujiji na aliyetuma akiwa Masaki wanapimwa kwa kipimo kimoja. Na barua iliyokaa kwenye spamu, kumbukeni, imefika.

"Tumebadilisha, tumeambiwa tusubiri saa 48"

Saa 48 ni jibu la mtu asiyetaka kuangalia. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye rekodi yenyewe, ile TTL. Kwenye cPanel, paneli ya kusimamia tovuti na DNS, kwa kawaida ni sekunde 14,400, yaani saa 4, na rekodi mpya kabisa ambayo hakuna aliyeiuliza kabla huonekana ndani ya dakika. Ikipita nusu siku haijaonekana, uwezekano mkubwa umeiandika mahali pasipohusika. Domeini imesajiliwa kwa huyu, tovuti imehifadhiwa kwa yule, na miaka iliyopita kijana fulani alihamishia DNS kwenye kampuni ya Cloudflare kwa akaunti yake binafsi kisha akahamia Mwanza. Unajaza rekodi kwenye cPanel, paneli inakupongeza, na dunia nzima inauliza kwingine. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, tafuta nameserver za domeini, zile seva zinazojibu kuhusu rekodi zake, zinaelekea wapi. Kama ni kwa yule kijana, mpigie leo, ukiwa bado una namba yake.