Bwana shamba na msongo wa kazi: maswali na majibu

Kwa nini afisa ugani, yaani bwana shamba, anachoka akili hata msimu haujafika katikati?
Kazi zinamwangukia kwa mkupuo. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mvua ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi. Katika wiki zile zile anahakiki taarifa za wakulima wa mbolea ya ruzuku, anaelekeza upandaji, anaitwa kuona viwavijeshi vamizi. Kule Makete na Njombe, ukungu ukishika, ugonjwa wa bakajani hulimaliza shamba la viazi kwa siku chache. Anayepiga simu Ijumaa hawezi kungoja Jumatatu.

Kwa hiyo tatizo ni wingi wa kazi?
Kwa sehemu tu. Kinachoumiza zaidi ni kulaumiwa kwa jambo lisilo mikononi mwako. Mbolea ikichelewa, mkulima hamfuati msambazaji. Anamfuata bwana shamba, tena sokoni au msibani, maana wanaishi kijiji kimoja. Pikipiki walizogawiwa maafisa ugani mwaka 2022 zilipunguza mwendo wa miguu, ila pikipiki isiyo na mafuta nayo ni lawama nyingine.

Dalili ni zipi?
Kuamka saa tisa usiku na kukosa usingizi tena, moyo kwenda mbio simu ikiita, hasira za bure, kujaza ripoti bila kufika shambani. Hiyo ya mwisho wakubwa huiita uvivu. Wakati mwingine ni uvivu kweli, lakini mtu aliyekuwa mchapakazi akibadilika hivyo, muulize anavyolala kabla ya kumwandikia barua.

Kichwa kinauma na jasho linatoka. Ni msongo?
Kama umetoka kuelekeza upuliziaji, fikiria sumu kwanza, hasa mate yakijaa, misuli ikitetemeka au mboni za macho zikiwa ndogo sana. Vua nguo zilizolowa dawa, oga kwa maji mengi na sabuni, usijitapishe. Wahi kituo cha afya na lebo ya dawa mkononi.

Nini kinasaidia?
Panga siku maalumu kwa kila kijiji, uwakutanishe wakulima kwenye shamba darasa badala ya kujibu simu thelathini za swali moja. Upungufu wa mbolea au mafuta uripoti wilayani kwa maandishi yenye tarehe, ubaki na nakala. Ulanzi (pombe ya mianzi) wa jioni unaleta usingizi haraka, kisha unaukata usiku wa manane.

Huzuni au kukosa usingizi kukizidi wiki mbili, nenda hospitali. Anayetaja kujiua apelekwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, na viuatilifu viondolewe nyumbani kwake.