"Kagusa mpira!" haimwokoi beki

Ukisimama pembeni mwa uwanja wowote, uwe Arua, Jinja au Mbarara hapa Uganda, kelele utakayoisikia kuliko zote ni hii: "Kagusa mpira!" Beki ameruka, njumu zimetangulia, mpira umetoka nje kweli, na winga yuko chini ameshika ugoko. Refa akipuliza filimbi, nusu ya uwanja inamzomea. Akitoa nyekundu, basi kanunuliwa. Sisi tunaofundisha waamuzi tumeona heri tueleze hadharani refa anatakiwa kupima nini, maana ugomvi mwingi wa Jumamosi unahusu sheria ambayo haimo kitabuni.

Sheria ya 12, ile ya faulo na kadi, kama ilivyoandikwa na IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, haisemi popote kwamba aliyewahi mpira hana kosa. Inauliza aliingiaje. Akiingia kizembe, yaani bila umakini, ni faulo tu, kadi hakuna. Akiingia bila kujali kwamba mwenzake anaweza kuumia, ni njano. Akitumia nguvu kupita kiasi au akihatarisha usalama wa mpinzani, anatoka nje, awe ametokea mbele, ubavuni au nyuma, kwa mguu mmoja au yote miwili. Bado kuna wazee wa mpira wanaoapa kwamba nyekundu ni ya rafu ya nyuma peke yake. Hawakuitoa hewani: kabla ya Kombe la Dunia la 1998 kule Ufaransa, FIFA iliwaagiza marefa wawe wakali hasa kwa rafu za kutoka nyuma. Lakini sheria ya leo inataja pande zote.

Sasa hebu tuitazame rafu moja kwa karibu. Winga amepokea mpira karibu na mstari, kwenye kiwanja cha murramu chenye unyevu. Ameukita chini mguu wa kushoto ili apige krosi na wa kulia. Beki anakuja kutoka umbali wa hatua nne au tano, kasi yake yote, na anateleza. Refa anayejua kazi yake hatazami mpira pale. Anatazama goti la beki: limekunjwa, au mguu umenyooka kama mpini wa jembe? Anatazama njumu: ziko chini zinaparua udongo, au nyayo imeinuliwa inamtazama winga? Anatazama mguso umetua wapi, kwenye kiatu, kwenye kifundo, juu ya ugoko au gotini. Na anatazama kama beki bado ana uwezo wa kusimama, au ameshajirusha na hawezi tena kubadili chochote.

Mguu wa winga ndio unaoamua maumivu. Ungekuwa hewani, ungesukumwa na kwenda na pigo. Lakini uko chini, njumu zimeshika udongo, uzito wa mwili wote uko juu yake. Hauna pa kwenda. Nguvu ya beki inaishia kwenye mfupa wa ugoko au kwenye mishipa ya kifundo. Ndiyo maana mguu ulionyooka na nyayo iliyoinuliwa vinatupa wasiwasi kuliko kelele za aliyeanguka, na mpira ulioguswa nusu sekunde kabla haupunguzi hata chembe ya pigo hilo.

Kuna upande wa pili ambao mashabiki hawaupendi. Kuumia si ushahidi wa kosa. Watu wawili wanaweza kuuendea mpira kihalali kabisa, mmoja akavunjika, na refa hana kadi ya kutoa. Vilevile mtu anaweza kuruka na miguu miwili, mpinzani akamkwepa bila kukwaruzwa, na bado akastahili kutolewa. Tunahukumu kitendo, hatuhesabu damu. Refa anayesubiri aone kama machela itaingia ndipo aamue rangi ya kadi ameshakosea, hata kama kadi yenyewe imekuwa sahihi.

Halafu kuna kuona. Fainali ya Kombe la Dunia 2010, Nigel de Jong wa Uholanzi alimpiga Xabi Alonso wa Hispania kifuani kwa njumu, mguu juu, na akapewa njano. Mwamuzi Howard Webb alieleza baadaye kwamba hakuwa amekiona kitendo vizuri, na kwamba alipokitazama tena aliona kilistahili nyekundu. Huyo ni mwamuzi wa fainali ya dunia, mwenye wasaidizi waliobobea. Siku hizi mechi kubwa zina VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, lakini kiwanja cha wilaya hakina, na wakati mwingine hata washika vibendera ni watu wa kuazimwa asubuhi hiyo. Kwa hiyo kozini tunakazania miguu kabla ya macho: kimbia, tafuta pembe, usimame mahali ambapo nafasi kati ya wachezaji wawili iko wazi mbele yako. Refa aliyebaki katikati ya duara akipuliza kwa kukisia, hata akipatia, wachezaji hawamwamini, na mimi siwalaumu.

Haki inaharibika zaidi kwenye mambo madogo ambayo refa huyaita busara. La kwanza ni "bado mapema". Rafu ya kadi nyekundu dakika ya pili inapewa onyo la mdomo kwa hofu ya kuharibu mechi. Sheria haina saa hiyo. Beki aliyesamehewa dakika ya pili amewaambia wachezaji ishirini na wawili wote kwamba leo ruksa, na dakika ya sitini refa huyohuyo atamtoa kijana wa timu ndogo kwa kosa jepesi kuliko lile. La pili ni kusawazisha: nimempa huyu, lazima nimpe na yule. Kadi haigawanywi kama sukari msibani. Na wenyeji wanapokuwa wengi pembeni ya mstari, kama inavyokuwa kwenye mechi za Masaza, kombe la kaunti za Buganda, au za FUFA Drum, mashindano ya mikoa ya Uganda, kelele huingia kwenye mkono wa refa bila yeye kujua. Dawa pekee tunayoijua ni kujiuliza swali lilelile kila mara: angekuwa amevaa jezi ya upande wa pili, ningetoa rangi gani?

Makocha nao wana lao. Ule msemo wa mabeki, "mpira ukipita mtu asipite", unachekesha kijiweni, ila mtoto wa miaka kumi na minne anaubeba kama agizo. Mfundisheni kusimama, kumsukumia winga pembeni, kusubiri. Kuteleza ni hatua ya mwisho, na anayejua kusimama huteleza mara chache.

Kuhusu usalama, nitataja machache. Vilinda ugoko ni lazima kisheria, na vipande vya katoni ndani ya soksi havitoshi. Vinatakiwa viwe vya malighafi inayokinga kweli na vifunikwe na soksi. Mguu ukionekana umepinda, usiuvute kuunyoosha. Uegemezwe na kufungwa ulivyo, na majeruhi abebwe akiwa amelala. Kumpakia katikati ya watu wawili kwenye bodaboda kunaweza kugeuza mvunjiko mdogo kuwa mkubwa. Aliyegongwa kichwa akionekana kuchanganyikiwa, kutapika, kupoteza kumbukumbu ya bao lililofungwa au kusimama kwa kuyumba, mechi yake imekwisha siku hiyo. Kumwagiwa maji na kupigwa makofi ya mgongo si matibabu. Tangu msimu wa 2024/25 sheria inaruhusu mashindano yanayotaka kutoa nafasi ya ziada ya kubadili mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo, hivyo waandaaji wa ligi ndogo wanaweza kuiweka kwenye kanuni zao.

Jambo jingine ambalo manahodha wengi hawalijui: mchezaji aliyeumizwa na rafu iliyozaa njano au nyekundu halazimiki kutoka nje, ikiwa tiba yake ni ya haraka. Marefa wengine bado wanamtoa, timu iliyochezewa rafu inabaki pungufu, na aliyeicheza anafaidika. Nahodha anaweza kumkumbusha refa kwa adabu. Si wachezaji sita wakimzunguka.

Filimbi ya mwisho ikilia, kazi inahamia kwenye karatasi ya ripoti. Kamati ya nidhamu haikuwepo uwanjani, inasoma. "Namba 5 alicheza rafu mbaya sana" haiwasaidii chochote, na wakili yeyote wa klabu ataipasua. Tunawafundisha marefa waandike hivi: "Dakika ya 37. Namba 5 alimkimbilia namba 11 kutoka mita nne hivi, akateleza mguu wa kulia umenyooka, njumu zikampata juu ya kifundo cha kushoto kilichokuwa kimekanyaga chini. Aliugusa mpira kabla ya mguso huo. Nilikuwa mita nane, sikuzibwa na mtu. Nilimtoa kwa kuhatarisha usalama wa mpinzani."