Rali siyo kila mashindano ya magari

Safari Rally ikikaribia Naivasha huwa najua nitasikia nini. Redioni wataiita langalanga, kwenye matatu mtu ataiita Formula One ya Kenya, na mwingine aliyetoka Nairobi usiku ili awahi nafasi nzuri atalalamika mbona magari yanakuja moja moja, mbona hawapitani, hii ni mbio gani. Hayo nimeyavumilia miaka mingi. Lakini juzi nimesoma mtandaoni mtu anaeleza, kwa uhakika kabisa, jinsi dereva Ogier "alivyompita" mwenzake Neuville siku ya mwisho ya Safari Rally ya 2021 akachukua ushindi, na watu huko chini wanamshukuru kwa uchambuzi, nikaona hapana, hii lazima niiandike.

Rali ni mashindano ambayo kila gari linapita kipande cha njia kilichofungwa, kinaitwa steji, likiwa peke yake, linapimwa muda, halafu muda wa steji zote unajumlishwa na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Basi. Formula One ni mbio za saketi, yaani magari yote yanaondoka pamoja kwenye njia ya mzunguko, yanazunguka mara kadhaa, na anayekata mstari wa mwisho kwanza ameshinda. Ukishaelewa hizo sentensi mbili umemaliza maana, kilichobaki ni kwa nini tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Turudi kwa huyo Neuville. Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili ile akiongoza kwa karibu dakika nzima, na kwenye steji ya kwanza ya asubuhi, Loldia, sasipenshi ya nyuma ikamharibikia, safari ikaishia hapo. Ogier hakumpita mtu. Na wala hakuwa wa pili kwa wakati huo, wa pili alikuwa Mjapani Takamoto Katsuta, ndiye aliyejikuta kileleni Neuville alipotoka, halafu yeye na Ogier wakaanza kunyang'anyana sekunde steji baada ya steji mpaka Ogier akamwacha kwa sekunde ishirini na kitu. Wote wawili walikuwa madereva wa Toyota, walishindana vikali sana, na kwenye njia hawakukutana hata mara moja! Kila mmoja alikuwa peke yake na navigeta wake, yule anayekaa pembeni kumsomea njia, kwenye vumbi, anamaliza steji, anauliza mwenzake amepata ngapi. Ni kama mtihani, karatasi ni moja kwa wote lakini kila mtu na dawati lake, hujui umesimama wapi mpaka matokeo yatoke. Hiyo ndiyo rali yenyewe, na ukisema "alimpita" umeifuta yote.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa 1973, mwaka ambao Safari iliingia kwenye ubingwa wa dunia. Baada ya zaidi ya kilomita 5,000 za barabara zetu, Shekhar Mehta na Msweden Harry Källström walimaliza wakiwa wamelingana kabisa adhabu, yaani dakika za kuchelewa vituoni, hakuna aliyemzidi mwenzake. Kwenye saketi ungeangalia tu nani ametanguliza pua. Hapa ilibidi wafungue makaratasi waone nani alikaa muda mrefu zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu yoyote, na huyo alikuwa Mehta, akapewa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano.

Asili yake pia inaeleza mengi. Rali ya Monte Carlo ilipoanza 1911 haikuwa mbio kabisa kwa maana ya kukimbizana, madereva waliondoka miji tofauti tofauti ya Ulaya na wote wakakutanika Monaco, na kazi ilikuwa kufika, gari likiwa zima, kwa muda uliopangwa. Safari yetu ilizaliwa 1953 kwa roho hiyo hiyo, wakati huo ikiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Swali la siku hizo lilikuwa nani atafika. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na 1968 tena 7, mengine yote yalibaki kwenye matope, mito na mawe njiani. Joginder Singh hakuitwa Simba kwa sababu ya kumpita mtu kwenye kona, aliitwa hivyo kwa kuifikisha Volvo yake mwisho 1965 na Mitsubishi 1974 na 1976 wakati wengine wameshalala porini.

Na mpaka inatolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, Safari ilikuwa inakimbiwa kwenye barabara wazi. Kuna lori, kuna ng'ombe, kuna mama anavuka na mtungi, ndio maana yale magari ya zamani unayaona yana vyuma vikubwa mbele na bomba la hewa limepandishwa mpaka juu ya paa, na timu zenye pesa zilikuwa na helikopta inatangulia juu kumwonya dereva. Iliporudi 2021 ikawa ya kisasa, steji zimefungwa, kama kilomita 320 za kushindania, zote karibu na Naivasha na Elmenteita ukiondoa ufunguzi wa Kasarani. Wazee wanasema imepungua. Mimi nasema vumbi la Kedong, moja ya steji za Naivasha, halijapungua, lile laini kama unga linalofunika mashimo na mawe, gari linazama mpaka mlangoni, vumbi linaingia kwenye injini, na linabaki hewani dakika kadhaa. Hebu fikiria ungeachilia magari ishirini kwa pamoja mle ndani. Jibu la "mbona wanaenda moja moja" ni hilo, wa nyuma angekuwa anaendesha kipofu. (Kuna rali zina steji fupi za onyesho ambapo unaona magari mawili kwa wakati mmoja, lakini kila moja na njia yake, na bado ni saa inayopimwa.)

Sasa raha iko wapi, kama hakuna kupitana? Wa saketi raha yake ni ya ana kwa ana. Unaona Hamilton na Verstappen wa Formula One wanaingia kona moja kwa spidi ambayo mmoja lazima akanyage breki akubali, na hiyo sekunde moja ndiyo watu wanalipia tiketi. Dereva ameizunguka njia ile mamia ya mara kwenye mashine ya mazoezi, anajua kila ukingo, kinachobadilika ni mwenzake. Wa rali ni kinyume, mwenzake hayupo, kinachobadilika ni njia. Anaruhusiwa kuipitia mara mbili tu kabla ya rali, polepole, na katika hizo mara mbili yeye na navigeta wanaandika kila kona. Siku yenyewe navigeta anasoma bila kupumua: kushoto nne, mia, kulia tatu inakaza, usikate, jiwe ndani (nne na tatu ni ukali wa kona, mia ni mita). Dereva anageuza gari kwa maneno, kona yenyewe hajaiona bado. Akisoma mstari mmoja kabla au baada ya wakati wake, wote wawili wako kwenye miti. Huyo wa pembeni watu wanamchukulia kama abiria na inaniuma sana, hakuna mchezo mwingine wa magari ambao mtu anamkabidhi mwenzake macho yake namna hiyo.

Tairi likipasuka Formula One unaingia pit, kituo cha timu kando ya njia, watu zaidi ya kumi na tano wanakurukia, sekunde mbili tatu umeondoka. Rali tairi likipasuka katikati ya steji mnashuka wenyewe wawili, na helmeti kichwani, mnapiga jeki, dakika moja na nusu au mbili zimekwenda, na rali nayo mara nyingi imekwenda.

Aina nyingine nizitaje kwa haraka ili zisichanganywe nazo. Dakar wanaiita rali lakini ni ya majangwani, wiki karibu mbili, na tofauti kubwa ni kwamba hakuna kuipitia njia kabla, unapewa kitabu cha maelekezo na kupotea ni sehemu ya mchezo. Tangu 2020 inafanyika Saudi Arabia, na Nasser Al-Attiyah wa Qatar ameshaishinda mara nyingi. NASCAR ya Marekani ni saketi, nyingi zikiwa za duara refu. Drag ni mstari ulionyooka, mita mia tatu au nne, sekunde chache imeisha. Autokrosi ni ya kwenye uwanja wa vumbi, mizunguko mifupi, wengi wa madereva wetu wanaanzia huko.

Kwenye hatari ndiko watu wanakosea zaidi, kwa sababu wanaangalia spidi peke yake. Formula One inapita 300 kwa saa, rali wastani wa steji nyingi haufiki hata 130, kwa hiyo mtu anahitimisha rali ni salama zaidi. Hapana. Saketi imejengwa kwa ajili ya ajali. Kuna nafasi ya kutelezea, kuna kuta za kufyonza kishindo, kuna gari la daktari linalofuata magari kwenye mzunguko wa kwanza. Na hayo yote yamelipiwa kwa maisha ya watu, madereva wa Formula One Roland Ratzenberger na Ayrton Senna walikufa kwenye saketi ya Imola siku mbili mfululizo, 30 Aprili na 1 Mei 1994, na kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, 1955 gari la Mercedes liliruka likaingia kwa watazamaji wakafa zaidi ya 80, mpaka Uswisi ikapiga marufuku mbio za saketi kwa miongo mingi. Ndio maana Romain Grosjean alipogonga reli Bahrain 2020, gari likakatika vipande viwili likawaka moto, alitoka mwenyewe na miguu yake, mikono imeungua. Kile chuma cha juu ya kichwa kilichowekwa 2018, ambacho yeye mwenyewe alikipinga, ndicho kilichomwokoa.

Njia ya rali haikujengwa kwa ajili ya ajali. Imejengwa kwa ajili ya ng'ombe na pikapu. Ukitoka kuna mti, kuna nguzo, kuna korongo, na msaada uko mbali. Henri Toivonen na navigeta wake Sergio Cresto walikufa Corsica tarehe 2 Mei 1986, gari likatoka kwenye kona likawaka moto na hakukuwa na mtu karibu aliyeona, wakati miezi miwili tu kabla, Ureno, gari la rali liliingia kwenye umati na kuua watazamaji. Yalikuwa magari ya kundi B, daraja la magari ya rali yenye nguvu kubwa sana, na mwaka huo huo ikaamuliwa yafutwe.

Lakini anayenionyesha tofauti kuliko wote ni Robert Kubica wa Poland, kwa sababu ni mtu mmoja aliyepita pande zote mbili. Mwaka 2007 aliharibu gari la Formula One pale Montreal kwa namna ambayo ukiangalia leo unadhani amekufa, spidi kubwa, gari limebaki kiini tu, na akakosa mbio moja tu akarudi. Februari 2011 akaenda kwenye rali ndogo ya Italia, spidi ya chini kabisa kuliko ile, gari likagonga reli ya pembeni mwa barabara, reli ikapenya ndani ya gari, karibu imkate mkono. Ilimchukua mpaka 2019 kurudi Formula One. Ukuta wa Montreal uliwekwa pale kwa ajili ya magari ya mbio. Reli ya Italia ilikuwa ya barabara ya kawaida.

Na kwa sababu hakuna ukuta, mtazamaji wa rali naye yuko ndani ya mchezo, anayefikiri yuko saketi atasimama popote. Wale wanaojipanga upande wa nje wa kona ili wapate video, gari likikosa breki ni huko huko linakokwenda. Simameni ndani na juu, kwenye kilima, nyuma ya utepe, na msiposikia gari msidhani hakuna gari.

La mwisho ni kwa vijana wa Subaru, ambao nawapenda, wakimaliza kuangalia Jumapili wanapanda barabara kuu kuelekea Nairobi wanapitana kwenye kona za Escarpment na kusema wanapiga rali. Rali ina sehemu mbili. Kuna steji, na kuna barabara ya kawaida ya kutoka steji moja kwenda nyingine, na huko gari la rali lina namba za barabarani, lina bima, lina indiketa, linasimama kwenye zebra, na dereva akikamatwa kwa spidi anapigwa faini kama wewe. Wanapewa muda maalum wa kufika kituo kinachofuata. Ukichelewa dakika moja unaongezewa sekunde 10. Ukiripoti dakika moja mapema unaongezewa dakika nzima. Kwa hiyo pale barabara kuu, kijana wangu, anayepiga rali ni yule aliye nyuma ya lori anasubiri mstari ukatike.